Farasi wangu hatavuka baridi ya Julai, nibaki na nini chake? Jibu kwa dada wa Nanyuki

Meseji yako nimeisoma mara mbili dada, mara ya kwanza nikiwa kwa matatu nikaiacha katikati maana macho yalianza kuniwasha mbele za watu, ya pili nyumbani na chai yangu. Kwa faida ya wengine watakaosoma niiweke kwa ufupi. Una farasi jike anaitwa Mawingu, ana miaka 27, mliachiwa na bosi wa mamako alipohama, na umemlisha kwa mkono wako tangu ukiwa darasa la nne. Daktari amesema meno yamekwisha, miguu ya nyuma haimbebi tena, na hadhani atavuka baridi ya Julai. Unataka ubaki na kitu chake. Rafiki yako aliye Uingereza anakushauri umkate kwato umtumie akaifanyishe kisanduku cha fedha kama walivyofanya wazungu wa zamani, mamako anasema mkia wa mnyama aliyekufa hauwekwi ndani ya nyumba ya watu, hayo ni mambo ya waganga, na wewe mwenyewe kama Mwislamu unauliza inafaa ama haifai. Halafu mwisho kabisa ukauliza, nikate lini, kabla au baada? Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike leo leo nisingoje wikendi.

Kabla. Anza leo jioni. Lakini usishike makasi kwanza, shika kitana.

Mimi nilikuwa saisi, mtunza farasi, miaka mingi hapa Ngong kabla mgongo haujakataa, sasa kazi yangu ni kusuka singa za farasi, bangili, vidani, vishikizo vya funguo, na kati ya watu kumi wanaonipigia simu nane wanapiga farasi ashazikwa, wengine wanalia, wananiuliza kama wanaweza kufukua. Yaani unakuta mtu alikuwa anachana ule mkia kila asubuhi miaka kumi na tano na kila asubuhi anatupa nywele zinazobaki kwenye kitana, kisha siku moja anatamani hata unywele mmoja hana. Kwa hivyo wewe mwenye wiki kadhaa mbele yako una bahati, usiichezee. Ukimchana mkia pole pole kuanzia chini ukipanda juu, utapata nywele tano, saba, siku nyingine kumi, nzima nzima kutoka shinani hadi nchani. Zinyooshe, zifunge kwa uzi upande wa shina, ziweke kwenye bahasha ya khaki. Bangili nyembamba inataka nywele mia moja na kitu hivi, piga hesabu, wiki tatu unayo na mkia wa Mawingu haujaguswa na chuma.

Na kuna sababu nasisitiza hili la kitana, haswa kwako wewe ulotaja dini. Mimi si shehe na ukimaliza kunisoma kamuulize shehe wako, lakini swali hili nimeliulizia sana kwa sababu wateja wangu wengi ni watu wa pwani. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tumekulia, farasi ni halali kuliwa, na nywele za mnyama anayeliwa zikitoka naye yungali hai ni twahara. Akifa bila kuchinjwa ni mzoga, na nywele za mzoga kwao ni najisi, kwa hivyo bangili iliyosukwa kwa nywele za baada ya kifo utakuwa unaivua kila swala na moyo hautulii. Mahanafi, Wamaliki na Mahanbali wanaona tofauti, wanasema nywele hazina uhai ndani yake kwa hivyo kifo hakizigusi. Sasa kwa nini uingie kwenye ikhtilafu hiyo wakati farasi yuko bandani anatafuna nyasi? Chukua sasa, maneno yamekwisha.

Lakini sasa iko hadithi ya Mtume, ipo katika kitabu cha Abu Daud, na wanazuoni wameizungumza sanadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi wake, inayokataza kukata nywele za paji, za shingo na za mkia wa farasi, na inatoa sababu ambazo mtu yeyote aliyekaa na farasi anazikubali bila kubisha: mkia ndio anaofukuzia nzi, nywele za shingo zinampa joto, na paji ndipo palipofungwa kheri. Hiyo ya kheri kufungwa kwenye paji la farasi hadi siku ya kiyama utaipata hata kwa Bukhari na Muslim. Nimewaona watu wanaompenda farasi wao kweli kweli wakimkata mkia wote akiwa hai ili wapate cha kusuka, halafu mnyama mzee, mgonjwa, anamaliza siku zake za mwisho akisimama kwenye nzi bila cha kujipepea. Huo si upendo bana, huo ni uchoyo. Ndiyo maana nasema kitana.

Ikiwa kitana hakikutosha, au daktari amekuja mapema kuliko mlivyodhani, basi makasi, lakini kwa adabu. Inua mkia, kwa ndani chini ya kile kishina cha nyama ndipo zilipo nywele ndefu na ambazo jua halijazichoma. Chukua fungu lisilozidi unene wa penseli, lifunge raba bendi sehemu mbili, juu na chini ya pale utakapokata, kisha kata karibu na nyama lakini usiguse nyama. Kwa nje hata hutaona kama kimepungua kitu. Usichukue za shingoni kwa kazi ya bangili, ni laini, fupi, zinakatika, nitakwambia mbele zinafaa kwa nini.

Kuosha ndiko watu wanakoharibu, na wa kwanza kuharibu nilikuwa mimi. Kazi yangu ya kwanza ya pesa nilizitia zile nywele kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, nikaziweka kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na unyevu bado, nikasafiri. Kurudi zimeota ukungu na zinanuka kama gunia la mtama lililonyeshewa, na yule farasi ashaoza ardhini, zingine hakuna. Nilimrudishia mwenyewe pesa lakini utarudisha nini hapo. Kwa hivyo maji vuguvugu, shampuu ya mtoto, suuza mara tatu nne, usitie mafuta wala kondishona maana gundi haitashika, ning'iniza kivulini siku mbili. Wako ni jike, na jike mkia wake hurukiwa na mkojo, kwa hivyo utakuta manjano pale kati, shampuu haitaitoa yote na usiende kutia jiki. Watengenezaji wa nyuta za fidla, ambao uta mmoja tu unakula nywele kama mia na hamsini hadi mia mbili, hupendelea za madume kwa sababu hiyo hiyo ya mkojo. Lakini wewe hupigi fidla. Manjano ya Mawingu ni yake, muachie.

Zikikauka, zirudishe kwenye bahasha ya karatasi. Ukikaa nazo muda mrefu kabla ya kusukwa zitie ndani ya mfuko unaofungika, safari hii zikiwa kavu kabisa, uziweke friza wiki mbili, maana kuna nondo na vijidudu vinavyokula nywele na manyoya na vikiingia hutabakiwa na kitu ila vumbi.

Sasa nije kwa kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu nywele hizi. Unywele wa mkia wa farasi unakua kama sentimita mbili na kidogo kwa mwezi. Kwa hivyo unywele wa sentimita 70 umebeba karibu miaka mitatu ya maisha yake, kila alichokula na kila dawa iliyopita kwenye damu imeacha alama kwa mpangilio, nchani ni zamani na shinani ni jana. Hii si hadithi ya kunogesha. Kulikuwa na farasi wa mbio wa Australia anaitwa Phar Lap, mzaliwa wa New Zealand, alishinda Melbourne Cup mwaka 1930, akafa ghafla California Aprili 1932, na watu wakabishana miaka na miaka kama alitiliwa sumu. Wanasayansi walikuja wakachukua nywele chache za shingoni zilizobaki kwenye ngozi yake iliyo makumbusho ya Melbourne, wakazipima kwa eksirei kali za mashine ya sinkrotroni, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba aseniki nyingi iliingia mwilini mwake siku moja au mbili kabla ya kufa, na waliweza hata kuitenga na ile aseniki iliyotumika kuhifadhi ngozi. Nani alimpa, au kama ilikuwa ile tonika, yaani dawa ya nguvu, ya aseniki waliyokuwa wakipewa farasi siku zile ikazidi, hiyo nywele haisemi. Lakini fikiria, zaidi ya miaka sabini imepita na zile nywele bado zinajua siku ya mwisho ilikuwaje. Ukivaa bangili ya Mawingu, kile kipande cha nyasi za mvua ya mwaka juzi kimo ndani.

Na huyo huyo Phar Lap ndiye jibu langu kwa rafiki yako wa Uingereza. Ngozi yake iko Melbourne, moyo wake wa kilo 6.2 uko Canberra ndani ya chupa, mifupa iko mji wa Wellington, New Zealand, ng'ambo ya bahari. Farasi mmoja, miji mitatu, nchi mbili. Watu walimpenda, sikatai, lakini mimi nikiisoma hiyo naona watu waliogawana.

Kwato ndiyo mbaya zaidi. Wazungu wa karne ya kumi na tisa walikuwa na ugonjwa wa kwato, farasi akifa zinakatwa, mfupa wa ndani unatolewa, ganda linakaushwa na kuvishwa fedha, inakuwa kidau cha wino, kisanduku cha tumbaku ya kunusa, kishika mlango. Farasi wa Napoleon, yule Marengo, alitekwa akapelekwa Uingereza, akafa 1831, mifupa yake iko National Army Museum pale London, lakini kwato moja ilifanywa kisanduku cha tumbaku cha maofisa wa walinzi wa ikulu, na nyingine ilipotea hadi miaka ya karibuni ikaonekana kwenye droo ya jikoni ya familia moja huko Somerset, ndani ya mfuko wa plastiki. Wajukuu hawakuwa wabaya, ni vile tu kitu kikishatoka kwa aliyempenda mnyama kinakuwa mzigo, hukitupi na hukionyeshi. Jenerali Wellington, huyo Mwingereza aliyempiga Napoleon, farasi wake Copenhagen alikufa 1836 akiwa na miaka 28, karibu rika la Mawingu wako, akazikwa kwa heshima za kijeshi, na siku ya maziko mzee akagundua kuna mtu amekata kwato akapandwa na hasira kweli kweli. Hiyo kwato ilikuja ikarudishwa wakati wa mwanawe, na mwanawe akaifanya nini? Kidau cha wino. Na Eclipse, farasi wa mbio ambaye hakuwahi kushindwa, aliyekufa 1789, kwato zilizouzwa na kuonyeshwa kuwa ni zake zilizidi nne. Wewe hesabu miguu ya farasi.

Isitoshe, kutoa ule mfupa si mchezo, unachemsha, unakwangua, nyumba nzima inanuka wiki, na kupitisha kwato mbichi mpakani bila karatasi za mifugo unajitafutia kesi. Kama roho inataka kwato, subiri fundi wa kwato anapokuja kuzikata mara ya mwisho, ule mkato wa mbele unaoanguka chini kama mwezi mwandamo, mwambie akuachie. Piga msasa, paka nta. Hicho kimeota kwenye mguu wake mwaka mzima na kimetoka bila tone la damu. Na kama aliwahi kuvishwa viatu, tafuta kimoja, hata kilicholika, kilicholika ndicho kizuri.

Nywele zenyewe nazo zikipendwa vibaya zina balaa lake, usidhani nazitukuza. Jenerali Lee wa Marekani alikuwa na farasi anaitwa Traveller, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha vijana wakawa wanamng'oa mkia wapate ukumbusho, hadi Lee mwenyewe akaandika kwamba amebaki kama kuku aliyenyonyolewa. Tena akiwa hai. Alipokufa 1871 mifupa yake ikaja kuwekwa chuoni huko Virginia, wanafunzi wakawa wanachonga majina yao juu yake wapate bahati ya mtihani, ndipo 1971 akazikwa kama mtu, karibu na bwana wake. Miaka mia.

Kuhusu mama. Usimdharau, hajatoa hayo hewani. Usinga kwetu una watu wake, waganga wanatembea nao, na mzee yeyote wa kijijini akiona mkia umening'inia ukutani anajiuliza unafukuza nini. Lakini mkumbushe pia kwamba Mzee Kenyatta alizoeleka akiwa na usinga mkononi na taifa zima lilimpigia makofi, kwa hivyo usinga ni wa mwenye heshima vile vile. Mimi ningekushauri usitengeneze usinga mzima, utamsumbua mama na wageni. Kitu kidogo kilichosukwa hakitishi mtu. Nina mteja wangu mmoja mamake alikuwa na maneno hayo hayo, tukampa mama kazi ya kukusanya za kwenye kitana kwa sababu ndiye aliyekuwa anaamka mapema, na mwisho wa mwezi yeye ndiye alikuwa anauliza bangili itakuwa tayari lini.

Siku yenyewe sasa. Nadhani daktari atamlaza kwa sindano. Hiyo dawa inabaki mwilini, na huko kwenu kuna tai, fisi, mbwa wa majirani, wakila nyama ile wanakufa, tai wanakufa kundi zima kwa mzoga mmoja. Kwa hivyo shimo liwe limechimbwa mapema, refu, na afunikwe siku hiyo hiyo, mtu asikuambie muache porini asili imchukue. Nywele hazina tabu hiyo, sindano inaua kwa dakika chache, haina muda wa kuingia kwenye unywele.

Ila kuna hali moja ambayo ukiiona usimguse hata kwa kitana. Akifa ghafla kabla ya daktari, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa kimeta. Usikate chochote, usimpasue, ita ofisi ya mifugo. Vijidudu vya kimeta vinakaa kwenye nywele na ngozi miaka mingi, wakati wa vita vya kwanza vya dunia askari wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta usoni kwa sababu ya brashi za kunyolea ndevu zilizotengenezwa kwa nywele za farasi ambazo hazikusafishwa sawasawa. Hii nayo ni sababu nyingine ya kuwa na bahasha mapema, likitokea la kutokea unazo za siku alizokuwa mzima.

Za kufanyia nini? Bangili ya kusuka duara ya nyuzi nane ndiyo naipenda, inashika umbo. Ncha zinatiwa gundi ndani ya vifuniko vya fedha, na ukipata fundi wa fedha wa Lamu atakuchongea vifuniko vizuri kuliko hivi vya dukani vya kutoka nje. Usioge nayo, usiipulizie pafyumu, itakaa miaka. Zile za shingoni na vipande vifupi usivitupe, tafuta mfinyanzi. Kuna ufundi wafinyanzi wa kusini magharibi mwa Marekani, Wanavajo na watu wa Acoma, wenyeji wa asili wa huko, wameusambaza sana: chungu kinatolewa tanuruni bado kina moto wa nyuzi joto mia tano na zaidi, wanalaza unywele juu yake, unajikunja unaungua papo hapo na kuacha mstari mweusi kama umeme wa radi ambao hautoki tena. Hata nywele nyeupe za Mawingu zitaacha mweusi, kwa sababu kinachobaki ni mkaa. Chungu hicho hakiwekwi maji, kitavuja, ni cha kutazama tu.

Kwenye kila bahasha andika jina lake, tarehe, na kama ni za kitana au za makasi, utakuja kunishukuru shehe akikuuliza. Na usinitumie zote kwangu, hata mimi. Posta ni posta. Nitumie nusu, nusu baki nazo, na upime kifundo cha mkono wako kwa uzi, ukate uzi pale unapokutana, unitumie huo uzi wenyewe ndani ya bahasha, usiniandikie sentimita, maana futi za kushonea za siku hizi kila moja ina urefu wake.